Kayaki yangu ya mbao inaliwa na mawe chini: nipige bati, niongeze faiba, au nifanyeje?

#1 Mvuvi_Raskazone

Wakuu, salaam.

Mwaka jana nilijenga kayaki nyuma ya nyumba, hapa Tanga. Ni ile ya kushona: unakata plaiwudi kwa vipimo, unatoboa vitundu pembeni, unafunga vipande kwa waya wa shaba (mimi nilichuna nyaya za umeme), kisha unaziba maungio kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao na kubandika utepe wa faiba. Ikikauka unakata waya. Plaiwudi ni ya milimita 6, maana ile ya milimita 4 niliyoiona madukani ilikuwa ya dari, ukiikunja inalia. Urefu mita 5.2. Uzito kilo 29, nilipima kwa mzani wa muuza vyuma chakavu.

Nje nimelaza faiba safu moja, gramu 200 kwa mita ya mraba, epoksi makoti matatu, juu yake vanishi. Ilipendeza mpaka jirani akaniuliza kama ni ya kuweka sebuleni.

Nimekwenda nayo Toten na kurudi kwa miezi mitatu, mara chache Ulenge, navua kwa mshipi. Jumamosi nikaipindua nikaishiwa maneno.

Picha ya 1: nyuma kabisa, pale mkuku (ule uti wa chini wa chombo) unapoanza kupanda. Faiba imelika, nyuzi ziko nje, na kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia ambapo mbao iko wazi na imekuwa nyeusi.
Picha ya 2: chini ya kiti, mikwaruzo mirefu myeupe, kama nane hivi.
Picha ya 3: mbele imegongwa kidogo tu.

Nina mawazo matatu. Kwanza, kupiga ukanda wa bati la alumini kwenye mkuku mzima kwa skrubu. Pili, kulaza safu nyingine ya faiba chini kote. Tatu ni la fundi wa jirani anayetengeneza matangi: anasema nimpe siku mbili, atapiga mkeka wa faiba na resini yake, "haitakwaruzika mpaka uzeeke". Bei yake ni nzuri. Nisaidieni kabla sijamkabidhi.

#2 babu_wa_mshipi

Ungechonga mtumbwi wa mwembe tu mkuu. Ukikwaruzika unabaki mtumbwi.

#3 Mvuvi_Raskazone

@babu_wa_mshipi na nani ataubeba mpaka nyumbani? 😀

#4 Resini_Mtwapa

Bwana, usimkabidhi. Nasema kwa heshima kwa fundi wa matangi, mimi mwenyewe kazi yangu ni boti za faiba hapa Mtwapa na hiyo resini naitumia kila siku. Ni polista. Kwa boti ambayo yote ni polista haina neno. Lakini yako ni mbao iliyofunikwa kwa epoksi. Polista haishiki vizuri juu ya epoksi, na kwenye mbao tupu inashika kwa muda halafu inaachia. Utaona ukingo umenyanyuka, maji yanaingia nyuma yake, na kwa kuwa juu pamefunikwa hutajua mpaka mbao iwe uji. Kinyume chake kinafaa: epoksi juu ya polista hushika.

Halafu huo mkeka wa nyuzi fupi. Hunywa resini kama mara mbili ya uzito wake au zaidi. Mkeka wa gramu 450 ukilowa utakupa kilo moja na kitu kwa mita ya mraba. Chini ya kayaki yako pana kama mita tatu za mraba. Hesabu mwenyewe, kilo nne juu ya 29, na bado hujapiga msasa wala rangi.

Nikuulize jambo kabla hatujafika mbali: plaiwudi gani hiyo?

#5 Mvuvi_Raskazone

Dukani waliniambia "marini". Nilikataa ile yenye ngozi nyeusi ya kumwagia zege, maana nilishasoma kwamba gundi haishiki kwenye ile ngozi. Hii haina ngozi. Kipande nilikichemsha kwenye sufuria saa moja, nikakianika, nikakichemsha tena. Hakikuachana. Sufuria ndiyo iliyonigombanisha na mke wangu.

#6 Resini_Mtwapa

Basi uko vizuri. Wengi huuziwa ile ya zege kwa sababu ya jina hilo hilo.

#7 Kafi_Mida

Habari zenu. Mimi huongoza wageni kwa kayaki huku Mida, upande wa Watamu. Zetu ni za plastiki, lakini chaza wa kwenye mizizi ya mikoko hawabagui, wanakata plastiki kama wembe, kwa hivyo mikwaruzo naijua.

Kaka, makovu yako yanasema yalikotoka. Nyuma kabisa hapaliwi na mwamba. Nyuma hapaliwi na mwamba hata siku moja ukiwa unapiga kafi, kwa sababu mbele ndiyo inayotangulia, na ya kwako mbele "imegongwa kidogo tu", umesema mwenyewe. Nyuma panaliwa na wewe. Unashika kishikio cha mbele, unanyanyua, na kuivuta mchangani na juu ya mawe. Uzito wote unakaa kwenye sehemu moja ndogo ya ukubwa wa kiganja.

Na ile ya chini ya kiti: unaingia nayo ufukweni ukiwa bado umekaa. Kayaki inasugua na kilo zako zote ndani, kisha unajisukuma kwa mikono upate kusimama. Au asubuhi unakaa ndani ikiwa kavu na kujisogeza kwa makalio mpaka maji yaichukue. Ndiyo au siyo?

#8 Mvuvi_Raskazone

Dada umenipeleleza. Yote mawili.

Ila nijitetee. Niko peke yangu saa kumi na moja alfajiri, kilo 29 pamoja na ndoo, chambo, maji na kafi. Kutoka mtini ninapoifunga mpaka majini ni kama mita 60 maji yakiwa yamejaa, na yakipwa bamvua, siku za maji makubwa, ni safari. Nitabebaje?

#9 shabiki_wa_kaskazi

Kila mtu hapa Tanga anaburuta. Hata ngalawa zinaburutwa.

#10 FundiNungwi

Asalaam alaikum. Ngalawa inaburutwa juu ya magogo, si juu ya mawe, na wanaiburuta watu sita. Tusichanganye.

Mie ni fundi wa vyombo vya mbao, wa zamani kidogo, hizo epoksi zenu nimezikuta ukubwani. Nitasema namna tunavyofanya sisi, mtachukua kinachofaa.

Chombo cha kwetu hakipigwi kitu kigumu chote. Tunakipandisha bamvua, maji yakipwa tunakitia moto wa makuti chini kuua wadudu watoboao mbao, tunakikwangua, kisha tunakipaka deheni, ile ya chokaa na shahamu. Deheni hailindi kwa ugumu. Ni laini, inakwanguka yenyewe mbao ikabaki, na mwezi ukija unapaka nyingine. Na chini ya mkuku mie hupigilia ubao mwingine, mwembamba, wa mti wowote wa bei nafuu. Mwamba ukitafuna, unatafuna ule. Ukiisha nang'oa, napigilia mwingine. Mkuku wenyewe wa mvule haujaguswa.

Hapo ndipo nawashangaa vijana. Mnataka kitu ambacho hakikwaruziki. Hakipo. Tafuta kitu kinachokwaruzika kwa zamu yake na kubadilishwa bila kuugusa mwili wa chombo.

#11 Mvuvi_Raskazone

Shikamoo fundi. Sasa kwangu huo "ubao wa bei nafuu" utakuwa nini? Ndiyo maana niliwaza alumini.

#12 FundiNungwi

Marahaba. Hilo waulize wenye resini. Ila ukipiga skrubu kwenye plaiwudi ya milimita 6 umejitobolea mwenyewe chombo ulichokiziba kwa miezi.

#13 pipa_la_bluu

Wakuu mimi niko Bagamoyo, nina kiboti cha plaiwudi, na nimetatua hili miaka miwili iliyopita kwa gharama ya soda. Chukua lile pipa la plastiki la bluu, kata ukanda wa sentimita nne kwa msumeno, piga kwenye mkuku kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu kila baada ya sentimita 15. Plastiki ile inateleza kwenye mchanga na kwenye mawe utadhani imepakwa sabuni. Haihitaji gundi, na kwa kweli hakuna gundi inayoishika. Alumini usiiweke kabisa, maji ya chumvi na skrubu za madini tofauti vinaila ikawa unga mweupe.

#14 kandambili_used

Mimi nilibandika raba ya tairi. Sikushauri. Raba inang'ang'ania mchanga, kuivuta ni kama kuvuta ng'ombe asiyetaka josho.

#15 Resini_Mtwapa

@pipa_la_bluu hoja ya plastiki kuteleza ni kweli, na ya alumini pia ni kweli. Swali langu ni skrubu. Mita tano kwa kila sentimita 15 ni skrubu zaidi ya thelathini chini ya maji. Kila tundu uliliandaaje?

#16 pipa_la_bluu

Nilitia silikoni kila tundu.

#17 Resini_Mtwapa

Silikoni si kizuizi cha kutegemea miaka miwili, ukanda ukigongwa skrubu inacheza na silikoni inaachia. Kama lazima mtu apige skrubu, njia ni hii: toboa tundu kubwa kuliko skrubu, kama mara mbili, toka upande wa pili. Ziba chini kwa utepe, jaza epoksi nzito, iache ikauke kabisa, kisha toboa tundu dogo katikati ya ile epoksi. Skrubu sasa inakaa ndani ya epoksi, mbao haigusi maji hata skrubu ikilegea. Kwa matundu thelathini na kitu ni kazi ya kuchosha, na kwenye plaiwudi ya milimita 6 skrubu haina pa kushika mpaka uweke kipande cha mbao kwa ndani.

Fungua moja uangalie.

#18 pipa_la_bluu

Hakuna haja mkuu, kiko salama.

#19 matale_mwz

Hodi kutoka Mwanza. Huku hatuna matumbawe, tuna mawe ya granite, na mwaloni pana kokoto ambazo ni msasa namba 40. Nina kayaki ya namna hiyo hiyo. Kabla ya kuongeza chochote chini nilitengeneza toroli: magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, ekseli ya nondo, juu mbao mbili zilizovishwa povu la godoro na mkanda wa kufungia mzigo. Unaiweka katikati ya kayaki, siyo nyuma, ili mikono ibebe kidogo sana. Inavunjwa na kuingia ndani ya kayaki ukiwa majini. Kwenye mchanga laini magurudumu membamba yanazama, hapo tafuta mapana. Kabla sijapata mapana nilitumia vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 4, natanguliza kimoja, kinachobaki nyuma nakirudisha mbele. Peke yangu.

#20 Kafi_Mida

Toroli ni jibu. Na siku huna toroli usivute, zungusha. Nyanyua mbele, tembea nusu duara, iweke chini. Nenda nyuma, nyanyua, nusu duara. Kama unavyohamisha kabati peke yako. Unabeba nusu ya uzito kila mara na hakuna kinachosugua. Chini yake panaguswa, hapaburutwi.

Kushuka: acha kupiga kafi maji yakiwa ya magotini. Miguu nje pande zote mbili, simama, kayaki inabaki inaelea katikati ya miguu yako. Vaa viatu, maana kuna miiba huko chini. Na tazama maji. Kwenye kisiwa chenye mawe usifike maji yanapopwa, utakwama juu ya mwamba wakati yanakukimbia, utavuta kwa hasira. Fika yanapojaa, hata ukigusa mwamba, dakika kumi baadaye unaelea mwenyewe. Bamvua kwenu na kwetu maji hushuka mita tatu na ushei, kwa hiyo jiwe ulilopita juu yake asubuhi mchana linaweza kuwa la kukalia.

#21 Mvuvi_Raskazone

Nakubali kuhusu kuburuta. Toroli naanza wiki hii, magurudumu ya kiti cha mtoto ninayo. Lakini uharibifu uliopo lazima nitengeneze, na bado nataka kinga kwenye mkuku. Resini_Mtwapa, nipe darasa.

#22 Resini_Mtwapa

Sawa. Nitaandika ndefu, kaa chini.

Anza kwa kujua kovu lipi ni kovu na lipi ni kidonda. Chukua kitambaa kilicholowa maji safi, pangusa mkwaruzo. Ule mweupe ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye vanishi au epoksi. Mbao haijaguswa, unaweza kuuacha mpaka mwisho wa msimu. Ukibaki unaonekana, au ukaona nyuzi, faiba imekatwa. Na mbao ikigeuka rangi kuwa nyeusi zaidi inapolowa, maji yana njia. Nina hakika ile nane yako ya chini ya kiti ni ya aina ya kwanza. Usiikosee usingizi.

Ile ya nyuma ni kidonda. Kwangua vanishi na faiba iliyokufa mpaka upate iliyoshika. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, kata sehemu hiyo mpaka kwenye mbao ngumu. Isipozama, kwangua weusi. Kisha osha kwa maji ya bomba, si mara moja. Chumvi iliyobaki ndani ya mbao inavuta unyevu hata ukiianika jua la Februari. Halafu iache, chini ya paa lenye upepo, wiki nzima na zaidi. Hapa ndipo watu wote wanapoharibu. Wanapiga epoksi siku ya pili kwa sababu juu panaonekana pakavu, wanafungia maji ndani.

Wakati inakauka, angalia umbo la ule ukingo. Kama mkuku wako una ncha kali kama paa la nyumba, faiba haikulala vizuri pale tangu mwanzo, na uzito wote unasimama kwenye mstari mmoja. Parua kwa randa na msasa mpaka uwe wa mviringo kama upande wa kidole. Hili peke yake linaongeza maisha.

Kisha vipande. Kitambaa cha faiba kikate mshazari, pembe ya digrii 45, usikate kufuata nyuzi. Ukikikata hivyo kinanyooka na kukunjika kwenye mkunjo bila kufanya vikunyanzi, na nyuzi zote zinapita juu ya ukingo badala ya moja kulala juu yake peke yake kungoja jiwe. Kwa kisigino cha nyuma weka safu tatu, urefu kama sentimita 50, kila ya juu iwe nyembamba kuliko ya chini yake ili ukingo ushuke kidogo kidogo. Mbele safu mbili. Katikati ya mkuku wote ukanda mmoja wa sentimita saba. Ukipima yote hiyo, epoksi ndani, haizidi kilo moja. Kulaza faiba chini kote kungekugharimu kilo mbili kwa ajili ya sehemu ambazo haziguswi na kitu.

Fundi wa Nungwi, huo ndio ubao wako wa bei nafuu.

Mambo ya joto letu. Epoksi kila digrii kumi zikipanda, muda wa kuifanyia kazi unapungua karibu nusu. Changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sahani pana, ikikaa kwenye kikombe inajipikia yenyewe mpaka itoe moshi. Fanya kazi alasiri, si asubuhi. Asubuhi mbao inapata joto, hewa iliyomo inatoka na kukuletea mapovu ndani ya epoksi. Alasiri mbao inapoa, inavuta epoksi ndani. Na uwiano wa hadina, ile dawa ya kugandishia, ni ule ulioandikwa kwenye kopo. Mafundi wa polista wamezoea kuongeza hadina ikichelewa kukauka. Kwenye epoksi ukiongeza unapata kitu laini ambacho hakitakauka mpaka kiama.

Safu ya pili weka ya kwanza ikiwa bado inanata kidogo, huhitaji msasa. Ukilala ikakauka, asubuhi itakuwa na utando kama nta juu. Huo hauondoki kwa msasa, utausambaza tu. Osha kwa maji na dodoki, kausha, ndipo upige msasa. Glavu lazima, na barakoa wakati wa msasa. Hadina ikikuzoea ngozi utawashwa maisha.

#23 babu_wa_mshipi

Mtumbwi wa mwembe hauhitaji barakoa. Nasema tu.

#24 chuma_ulete

Vipi kuhusu unga wa grafaiti ndani ya epoksi? Nimesoma unakuwa mweusi, mgumu na unateleza. Nataka kusaga zile fito za ndani ya betri za redio.

#25 Resini_Mtwapa

Grafaiti yenyewe inasaidia kweli, watu huweka kama asilimia 10 ya ujazo kwenye koti la mwisho. Ila za betri ni chafu, zimelowa kemikali za mle ndani, usitie kwenye gundi unayoitegemea ikuelee. Na kwa pwani nina shaka nyingine: chini pawe peusi, kayaki imepinduliwa juani Tanga saa nane mchana. Epoksi inayokaukia nje, bila tanuri, inaanza kulainika kwenye digrii 50 na kitu. Bati jeusi juani linafika huko bila shida. Kama una kivuli, weka. Kama huna, paka nyeupe.

Nalo hilo, @Mvuvi_Raskazone, vanishi iache juu kwenye sitaha ujidai nayo. Chini paka rangi. Epoksi lazima ifunikwe isipigwe na jua, lakini mkwaruzo kwenye rangi unaubandika kwa brashi dakika tano. Mkwaruzo kwenye vanishi utakufanya upige msasa upande mzima ili usionekane kiraka.

#26 Mvuvi_Raskazone

Moyo unauma, nilipiga makoti matano ya vanishi chini. Sawa.

Fundi wa matangi nimemwambia bado natafuta hela.

#27 pipa_la_bluu

Wakuu, mmenitia wasiwasi, jana nimefungua skrubu mbili. Ya mbele iko sawa, kavu. Ya tatu kutoka nyuma ilitoka kwa vidole. Ilitoka na maji. Nimeingiza bisibisi kwenye tundu, imezama kama kwenye mkate.

Nafungua zote Jumapili.

#28 FundiNungwi

Pole sana. Umewahi kugundua, wengine hugundua wakiwa katikati ya mkondo. Usikate mpaka ikauke, mbao iliyolowa hukudanganya mpaka wa ubovu wake.

#29 Resini_Mtwapa

Pole bwana. Ukishafungua weka picha, tutasaidiana. Plastiki yako usiitupe, inafaa chini ya toroli au magogo ya kuteremshia.

#30 Mvuvi_Raskazone

MREJESHO, wiki ya saba.

Weusi wa nyuma ulikuwa umetambaa kuliko nilivyodhani, kama urefu wa kiganja, lakini bisibisi haikuzama. Nilikwangua, nikaosha kwa maji ya bomba siku tatu mfululizo, nikaiacha kibarazani siku kumi na mbili. Siku ya tano ilionekana kavu kabisa. Nikabandika kipande cha nailoni juu kwa utepe usiku, asubuhi kilikuwa na matone kwa ndani. Siku ya kumi na mbili hakikuwa na kitu.

Kile kikombe kinachotoa moshi nimekishuhudia. Nilidhani naweza kuchanganya ya safu zote tatu kwa pamoja. Kilinichoma na kikatoboa sahani ya plastiki ya mtoto, kesi ya pili baada ya sufuria. Mara ya pili nilichanganya robo kikombe robo kikombe, nikaanza saa kumi jioni, ya tatu nikaiweka saa tatu usiku kwa taa ya simu.

Kukata mshazari ni kweli kabisa. Ujenzi wa kwanza nilikata kufuata nyuzi nikapambana na vikunyanzi pale nyuma mpaka nikavikata kwa wembe, na naamini hapo ndipo palipoanzia kuachia. Safari hii kitambaa kililala chenyewe.

Toroli inafanya kazi mchanga ukiwa umelowa. Ukiwa mkavu nahamisha kabati, kama alivyosema dada. Watoto wa ufukweni wananicheka, wanaita "dansi ya jeneza". Chini nimepaka nyeupe. Uzito mpya kilo 29 na nusu, kwa mzani ule ule.

#31 Kafi_Mida

Hongera kaka. Na kushuka?

#32 Mvuvi_Raskazone

Nimeanguka mara mbili. Ya tatu nilisimama.

#33 matale_mwz

Magurudumu ya kiti cha mtoto yatakufa kwa chumvi ndani ya mwezi, yaoshe na uyapake grisi kila ukirudi. Ya kwangu yako kwenye maji baridi ndiyo maana yanadumu.

#34 Mvuvi_Raskazone

Wakuu, la mwisho. Juzi nilikuwa kazini, mpwa wangu akaichukua na rafiki yake kwenda kuogelea. Hawakuona sababu ya toroli. Wameivuta kwa kamba kutoka kibarazani, wakaishusha ngazi mbili za saruji, wakavuka nayo lami. Nimerudi nakuta mstari mweupe kwenye kisigino cha nyuma, urefu kama kalamu, rangi imekwenda yote pale.

Nikachukua kitambaa nikakilowesha. Nikapangusa. Mstari ukapotea.

#35 babu_wa_mshipi

Na mpwa?

#36 Mvuvi_Raskazone

Yuko nje anapiga msasa. Kwa mkono.